Baruti ya Kopo Jekundu

Kama wiki jana hukupita hapa, nakupa kwa kifupi, maana leo sina pumzi ya kurudia. Nilikuwa nauza risasi kwenye duka la pale njia panda. Zikaja habari kwamba wakubwa wa jimbo wanapitisha sheria mpya ya risasi na baruti. Mji ukapagawa. Mama mmoja wa kanisani kwetu alitoa cherehani yake akapewa boksi la fataki. Siku mzigo ulipoingia watu wakausukuma mlango, nikawa chini, wakapita juu ya mguu wangu kama zulia. Mguu ukavunjika. Na kwa kuwa hata nikiwa pale chini nilikuwa narekodi kwa simu, bosi akanifukuza kazi.

Fataki, kama hujui, ni vile vikofia vidogo vinavyokaa kwenye kitako cha risasi. Pini ya bunduki inagonga pale, baruti ndani inawaka, kichwa kinatoka. Bila fataki huna risasi, una pambo la mezani.

Mlionitumia meseji za kunicheka nimezisoma zote. Ya leo mkicheka, basi hamna utu.

Jumamosi asubuhi. Siku ya kwanza ya msimu wa kulungu.

Nipo jikoni, mguu wenye plasta nimeuweka juu ya kiti, simu nimeiegemeza kwenye kiboksi cha risasi kilichokuwa mezani ili mikono ibaki ya kula. Mama anageuza chapati za maji. Baba na mchumba wangu Marla walishaondoka kabla jua halijachomoza, wako mlimani.

Marla huu ndio msimu wake wa kwanza. Na kwetu mchumba akiingia ukoo, pete peke yake haitoshi. Mzee anamshindilia risasi, yaani anajaza baruti na kichwa kwenye ganda tupu, kwa mkono wake mwenyewe, moja moja, kwenye ile mashine yake ya chini ya nyumba. Anazipanga kwenye kiboksi, juu anaandika jina. Mama alishindiliwa zake na babu. Marla alipewa zake jana mezani, akalia. Mzee wangu naye akajifanya anatafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni.

Kaka yangu Garrick akaingia, ametoka zamu ya usiku kiwanda cha mbao, nywele zimejaa vumbi.

"Shemeji kashaua?"

"Bado. Kanitumia meseji wako karibu na mgongo wa mlima. Mtandao ndo ukakata hapo."

"Mwaka wa kwanza kuomba kibali cha kuwinda, bahati nasibu inamwangukia yeye. Mimi miaka yote hii nashika hewa."

"Kachumbiwe na wewe, labda utapata."

Mama akacheka huku amegeukia jiko. Garrick akajirundikia chapati, akamwaga shira mpaka sahani ikawa bwawa.

Simu ikatetemeka. Habari za jimbo. Nikasoma na mdomo umejaa.

"Wameahirisha."

"Nani?"

"Wakubwa. Sheria haipigiwi kura mpaka baada ya Krismasi. Na wameiweka yote mtandaoni, kila mtu asome."

"Na wewe ukaisoma, profesa."

"Nimetafuta neno moja tu. Kopo. Halimo."

"Halimo vipi?"

"Ile ishu kwamba watahesabu makopo ya baruti nyumba kwa nyumba, ukizidisha wanakubebea yote. Hakuna kitu kama hicho. Uongo wa mtandaoni."

Garrick akaweka uma chini, polepole, kama vile uma umekuwa wa moto.

"Hakuna kabisa?"

"Hata herufi."

"Basi nilijisumbua bure."

"Kujisumbua nini?"

"Kuyapunguza."

Mama akaacha kugeuza. "Kupunguza nini, Garrick?"

"Makopo ya mzee. Si mengi yalikuwa yamefika nusu? Nikayajazia. Nusu na nusu, unapata moja. Matupu nikayatupa. Mzee anaona sheria inakuja amekaa tu, nikasema ngoja nimsaidie."

Sikilizeni. Baruti siyo unga wa ngano, kwamba ukichanganya wa jana na wa leo mkate utakuwa uleule. Baruti ya bastola inawaka kwa pupa. Ya bunduki ya kulungu inawaka taratibu, inakisukuma kichwa njia nzima ya mtutu. Ukijaza ganda kubwa la bunduki kwa baruti ya bastola, kichwa hakijaanza safari na moto umeshamaliza kazi. Moto huo unatafuta njia nyingine. Njia yenyewe ni uso wa aliyeshika bunduki.

Kila mtoto wa nyumba yetu anajua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kopo moja tu mezani. Baruti haihami kopo lake. Baba aliimba hayo kuliko nyimbo za kanisani.

"Ulichanganya ipi na ipi?" nikauliza.

"Zinafanana, dogo. Zote kijivu, zote punje."

"Sijakuuliza rangi ya punje. Kopo jekundu, la kulungu. Ulilijazia na nini?"

"Ile taa ya kule chini inajulikana ilivyo, inafumba na kufumbua..."

"Garrick. Na nini?"

Akamwangalia mama, siyo mimi.

"La kijani."

La kijani ni la bastola.

"Lini?"

"Jumanne. Mama yupo shahidi, nilikuwa huko chini, akanipigia kelele nije kula."

Na baba alimshindilia Marla risasi zake Alhamisi. Kopo jekundu. Nilikuwepo, nilirekodi video, ina muziki na mioyo miwili. Imependwa na watu kibao.

Mama akazima jiko. Hakupiga kelele. Akachukua funguo za pikapu ya Garrick ukutani akazitupa mezani, zikatua kwenye shira.

"Mtagombana njiani," akasema. "Tokeni."

---

Mguu wa kulia ndo uliovunjika, kuendesha siwezi. Kwa hiyo ikabidi nikae pembeni ya mtu niliyekuwa natamani kumnyonga, nimwombe aongeze mwendo.

Nyuma ya pikapu mlikuwa mmejaa maboksi, yanagongana kila tuta.

"Hayo nini?"

"Nusu ya akiba ya mzee. Nilikuwa nayahamishia kwangu. Wakija kukagua wakute nusu."

"Wakija nani? Nani, Garrick? Umewahi kumuona hata mmoja akikagua hata banda la kuku?"

"Usinipigie kelele, naendesha."

"Unaendesha kama umebeba mayai. Kanyaga."

Akakanyaga. Barabara ya mlimani ni matope na mawe, plasta yangu ikawa inagonga mlango, kila ikigonga naona nyota. Nikamwandikia Marla: USIPIGE. RISASI MBOVU. USIPIGE. Tiki moja. Nikampigia, simu haipatikani. Baba simu yake anaiacha ndani ya gari, anasema kulungu hapigiwi simu.

"Ulifanya makusudi?" nikamuuliza.

Pikapu ikayumba. "Umesema nini?"

"Kibali kapata yeye. Kiboksi kaandikiwa yeye. Unamwonea wivu tangu bahati nasibu itoke."

Alinipiga ngumi ya bega bila kugeuza macho kutoka barabarani. Nikamrudishia ya sikio. Gari likatoka njiani, likakwaruza mti, likarudi.

"Rudia tena," akasema, sauti imeshuka. "Rudia hilo neno nikushushe hapa na hilo gongo lako la kutembelea."

"Basi niambie ilikuwaje mtu mzima aliyezaliwa juu ya baruti anamwaga baruti kopo kwa kopo kama anachanganya sukari."

"Nilisoma kwamba watahesabu makopo."

"Ulisoma wapi?"

"Kwani hujui?"

"Wapi?"

"Kwenye grupu la familia, Tobin. Nani kaweka? 'Kuanzia mwezi ujao watahesabu makopo, sambaza kabla hawajafuta.' Na emoji tatu za moto. Nani?"



Ni mimi. Nilitumiwa na mteja siku nipo dukani, sikuuliza, sikuangalia, nikasukuma mbele. Niliituma kwa familia, kwa kanisa, kwa watu niliosoma nao. Hata kwenye foleni ileile iliyonivunja mguu, sijui wangapi walikuwa wamekuja kwa ajili ya meseji yangu.

Nilikuwa na hasira mpaka meno yanauma, na sasa sikujua niipeleke wapi. Kwa Garrick ilikuwa inatosha. Nikaiacha hukohuko.

"Mimi nilituma maneno," nikasema. "Wewe ulimimina."

"Vizuri. Kamwambie hivyo Marla."

---

Barabara ikaishia pale inapoishia siku zote, kwenye uwazi wa kuegesha. Pikapu ya baba ipo, kioo kimeganda barafu. Watu hakuna. Kutoka pale mpaka mgongoni mwa mlima ni kupanda msitu, njia ya miguu, saa nzima kwa mwenye miguu miwili.

Garrick akakandamiza honi. Akaikandamiza mpaka ndege wakaondoka kwenye miti. Hakuna jibu. Upepo ulikuwa unatokea juu, unatupiga usoni, unarudisha honi yetu bondeni.

"Hata wakisikia," nikasema, "mzee atasema ni wapumbavu wa mjini wamepotea."

"Nikimbie?"

"Utafika kulungu dume kashachunwa. Au..." Sikumalizia.

Tukawaza kitu kimoja wakati mmoja, nikaona usoni mwake.

Kwetu mlio mmoja maana yake mtu kaua, mpe pongezi baadaye. Milio mitatu ya kufuatana maana yake shida, acha kila kitu, shuka. Hakuna mwindaji wa milima hii asiyejua. Baba angesikia mitatu angemshika Marla mkono wakashuka mbio.

"Toa bunduki," nikasema. "Mitatu. Hewani."

Akaichomoa nyuma ya kiti. Nikaruka kwa mguu mmoja mpaka nyuma ya gari, nikaanza kupasua maboksi.

Boksi la kwanza fataki. La pili fataki. La tatu vichwa vya risasi, vizito kama dhambi. Ndoo nzima ya maganda matupu, baba aliyaosha mpaka yanang'aa. Makopo ya baruti, yaliyo salama na yaliyochanganywa, nani ajue. Fataki tena.

"Risasi ziko wapi?"

"Si hizo."

"Hizi ni vipande, Garrick. Risasi nzima. Ya kuweka ndani ikalia."

"Nani alikuwa ananunua risasi nzima? Watu wote wananunua vya kushindilia."

Gari limeinama matairi kwa uzito wa kile tulichokihofia kukikosa. Watu walinivunja mguu kwa ajili ya kitu hiki. Na hatukuwa na mlio hata mmoja.

"Zipo chache," Garrick akasema.

Akavuta kiboksi chini ya kiti chake. Juu, kwa maandishi ya mzee yaliyolala upande: GARRICK.

"Kanipa jana wakati nyie mnamshangilia shemeji. Nikamwambia sina kibali mwaka huu, mzee. Akasema mtoto ni mtoto."

Sikuuliza ni za kopo gani. Akajibu mwenyewe.

"Za Alhamisi," akasema. "Jekundu."

Tukazitazama. Nzuri, zimepangwa safu kama meno ya mtoto.

Akachukua moja akaiweka kwenye bunduki, akaanza kutembea kwenda uwazini.

"Unakwenda wapi?"

"Nilimimina mimi. Nitapiga mimi."

"Ikupasue uso?"

"Labda nilikoroga kidogo tu. Labda itatoka."

"Garrick, weka chini."

"Marla kashika za aina hiihii huko juu, na wewe unaniambia mimi niweke chini?"

Nilimpiga na gongo kwenye goti. Sikupanga. Akaanguka kwenye matope, bunduki ikaanguka pembeni, na mimi nikaanguka juu yake kwa sababu gongo ndo lilikuwa limenishikilia. Tukalala pale tunatukanana matusi ambayo mama angetuosha midomo kwa sabuni.

"Mjinga wewe," nikamwambia. "Tairi."

"Nini?"

"Tairi la akiba. Ifunge kwenye tairi. Tuvute kwa kamba."

Mzee hufanya hivyo akiletewa bunduki ya zamani asiyoiamini. Garrick akalishusha tairi, akaifunga bunduki juu yake, mtutu unatazama mbinguni. Tukafungua kamba za viatu vyake vyote viwili na kimoja changu, maana kingine ni plasta, tukaziunga. Ncha moja kwenye kifyatulio. Tukajificha nyuma ya pikapu ya baba.

"Mitatu," nikasema. "Ikitoka ya kwanza, kimbia kaweke ya pili."

Akavuta.

Bunduki nzima ikilia milimani, sauti ina mkia. Inaondoka, inaburuza bondeni, inagonga ng'ambo, inarudi imechoka. Yetu haikuwa na mkia. Ilikata papo hapo, kavu, kama ubao umevunjwa sikioni.

Garrick akainua kichwa. Bunduki ilikuwa imefunguka katikati kama ganda la ndizi. Kitako chake cha mti kimegawanyika vipande, tairi limechanika, na chuma cha nyuma, pale ambapo shavu la mtu hukaa, hakikuwepo. Tulikikuta kimezama kwenye mlango wa pikapu ya Garrick.

Akagusa shavu lake.

Ndo nikaelewa tulichofanya. Tulitaka mitatu, tumepiga mmoja. Huko juu wamesikia mlio mmoja, baba atakuwa amesema kwa upole wake, kuna mtu kapata, haya na wewe jitayarishe, dume litashtuka litakuja upande wetu.

"Kimbia," nikamwambia Garrick. "Kimbia sasa hivi."

Viatu havina kamba. Akavivua, akaanza kupanda na soksi.

Simu ikatetemeka mkononi.

Kijiti kimoja cha mtandao, kimekuja na upepo. Meseji ya Marla, ya asubuhi, ilikuwa imekwama njiani:

"Mpenzi, dume yupo, mkubwa kama ng'ombe. Baba yako kasahau risasi zake nyumbani mezani, eti nisimwambie mtu. Nimemgawia nusu ya zangu. Tunasubiri ageuke. Usinipigie."

Nyumbani mezani.

Kiboksi. Kile nilichoegemezea simu. Nimekula chapati mbele ya risasi za baba, nzima, za mwaka jana, kabla mtu yeyote hajagusa kopo lolote. Nimezitazama asubuhi nzima na sikuziona kwa sababu mbele yake kulikuwa na skrini.

"Garrick," nikaita. "Ni wote wawili. Garrick, mzee naye anazo."

Alishaingia kwenye miti.

Mlio ukatoka mlimani.

Mmoja.

Nikatega sikio nisikie mkia wake. Nikasubiri uburuze bondeni, ugonge ng'ambo, urudi. Upepo ukatulia kabisa, kana kwamba nao unasubiri.

Haukuwa na mkia.

Na sijui bunduki ilikuwa mkononi mwa nani.

Nikaangalia simu. USIPIGE ilikuwa imepata tiki ya pili.